Truda na Herufi Yenye Mguu

Kasense, Jumamosi ya Julai, saa nane mchana

Leo upepo umeamka na hasira zake. Jua lipo, lakini ni jua la picha, halimpashi mtu joto. Asubuhi kuku mmoja wa kijiji cha Mollo amepeperushwa mpaka akatua hapa kwetu Kasense, na angani huko alikuwa ameshataga. Yai nililiona kwa macho yangu. Sikuliokota kwa sababu lilikuwa limeganda. Asiyeijua Sumbawanga ya Julai aniite mwongo, kisha aje na shati la mikono mifupi tuone atakayecheka.

Mimi nimevaa makoti mawili, moja juu ya lingine, na nina furaha.

Shajara yangu, hii furaha imenijaa tangu jana na sina pa kuipeleka. Mke wangu yuko kwao Matai anamuuguza mama yake. Nikiwaambia wenzangu pale kwa fundi baiskeli watasema, haya, Oresto ameanza tena. Kwa hiyo nakuandikia wewe, kwenye simu hii yenye kioo kilichopasuka. Wewe huwa hunikatizi.

Nianze na Truda.

Truda ni mtoto wa mdogo wangu Gaudensia. Ana miaka sita, yuko darasa la awali. Nyumba yao na yangu zinatazamana, na baba yake muda mwingi yuko Kabwe, ziwani, anavua migebuka na dagaa. Kwa kuwa mke wangu hayupo, mimi nakula kwa Gaudensia. Hilo likumbuke. Mwanaume anayekula kwa dada yake hana kauli nyingi.

Mtoto yule ana maneno mengi na kicheko kikubwa, lakini mwili ni kama kauazima kwa mtu mrefu zaidi. Anaanguka mahali palipo tambarare. Akipiga mpira, mpira unakwenda Mollo na yeye anaanguka kuelekea mjini. Kuruka kwa mguu mmoja hawezi, anauinua mguu, anautazama, anaurudisha chini. Akishika penseli anaikamata kama mpini wa jembe mpaka ncha inakatika. Na akionyeshwa herufi anatazama vidole vyake vya miguu, kana kwamba jibu liko huko chini.

Shule ilipofunguliwa mwezi huu akaanza kujificha asubuhi. Anaingia nyuma ya kihenge cha mahindi, anakaa kimya. Mama yake anamvuta na sare imejaa vumbi, wote wawili machozi yanawatoka.

Jioni moja nimekaa jikoni nasubiri ugali. Gaudensia anasonga, halafu akasema, si kwangu, ni kama anakiambia chungu: "Huyu mtoto labda hana kichwa cha shule."

Truda alikuwa mlangoni.

Alisikia. Nilimwona akisikia.

Ugali ule sikuumaliza, na mimi si mtu wa kubakiza ugali. Wanaonijua wanajua.

Sasa Jumatatu mwalimu wa awali akaita wazazi. Gaudensia alikuwa shambani anavuna ulezi, nikaenda mimi. Mwalimu ni binti mdogo tu, sweta la kijani, sauti ya upole, lakini akikutazama unajikuta umevua kofia. Akatueleza kwamba Ijumaa atawagawa watoto mafungu mawili. Fungu moja litakaa mkeka wa mbele, hao ndio wanaojiandaa kuingia la kwanza Januari. Fungu la pili litakaa mkeka wa nyuma na wadogo, na hao huenda wakarudia awali mwaka mzima.

Nikafikiria Minza. Minza ni mtoto wa majirani zetu Wasukuma, wale wenye zizi kubwa pale chini. Yeye na Truda wamekua pamoja, wakipewa muwa mmoja wanautafuna kutoka pande mbili. Minza herufi anazijua. Minza atakwenda mbele na Truda atabaki nyuma, akiitazama migongo ya wenzake.

Mwalimu akasema jambo ambalo wazazi wengi waliona ni mchezo. Alisema mtoto haanzi kusoma kwa macho, anaanza kwa mwili. Mkono wa kuandika unaanzia begani. Mtoto akiruka, akitambaa, akirusha mpira, akizunguka, ndipo mwili unajua kulia na kushoto, juu na chini, na herufi zote zimeumbwa kwa hayo hayo. Akatutoa nje, akachora herufi kubwa chini kwa majivu, akawaita watoto wachache wakatembea juu ya mistari yake, mmoja kama bata, mwingine kama chura. Walicheka mpaka kamasi zikawatoka.

Hapo nikasimama. Hakuna aliyeniita.

Nikasema, mwalimu, kwa mambo ya mwili umempata mwenyewe. Mimi enzi zangu nilicheza namba saba. Nilikuwa napiga kona, nakimbia, naipiga kichwa mwenyewe, na kipa anaokota mpira wavuni huku bado anatazama kibendera cha kona. Kule Kabwe nilishindana mbio na kiboko, na kiboko ndiye aliyeomba tupumzike. Kwa hiyo Truda niachieni mimi. Ijumaa atazijua herufi za jina lake zote, T, R, U, D, A, na atakuja nazo akirukaruka.

Wazazi wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Vizuri, mjomba," akasema. "Ila nakuomba kitu kimoja. Ucheze naye. Usimfundishe."

Nikaitikia sana. Halafu nikaenda nyumbani nikamfundisha.

Naona aibu kuiandika sehemu hii, lakini naiandika. Nilichora herufi kwa mkaa kwenye mlango wangu, nikashika kijiti, nikamsimamisha pale. Hii nini? Kimya. Hii nini? Anatazama vidole. Nikapaza sauti, kana kwamba herufi ni kiziwi. Mimi mwenyewe shule ilinikatikia darasa la tano, na nakumbuka fimbo kuliko ninavyokumbuka somo, na bado nilikuwa nimesimama pale na kijiti mkononi. Truda hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, yakamfika kidevuni, akayafuta kwa bega.

Akaniuliza, "Mjomba, na wewe utasema sina kichwa?"

Nikakitupa kile kijiti juu ya bati. Kipo huko mpaka sasa.

Kesho yake jioni nilikuwa nimekaa na kikombe cha chai ya tangawizi, nawatazama yeye na Minza wanakimbizana shambani juu ya matuta ya ntumba. Hawa wa mijini hawayajui: sisi Wafipa tunakusanya nyasi, tunazifunika kwa udongo, yanatokea matuta ya mviringo kama vichwa vya watu waliozikwa wamesimama, nyasi zinaoza ndani na mwaka unaofuata shamba linashukuru. Minza alikuwa anaruka tuta hadi tuta kama mbuzi. Truda anaruka moja, anaanguka. Anaruka jingine, anaanguka. Lakini anacheka! Anainuka na udongo mdomoni, anaruka tena. Na mara moja akaruka matatu mfululizo bila kuanguka, akasimama juu ya la mwisho mikono juu kama ametangazwa redioni.

Nikajiuliza. Mtoto huyu pale mlangoni kwangu hakuthubutu hata kufungua mdomo. Hapa anaanguka kutwa na hajali. Kilichobadilika ni nini?

Kijiti hakipo. Hicho tu.

Basi ikafika Jumatano, siku ya maajabu na ya fedheha yangu.

Kwetu ulezi haupurwi ovyo chini. Kinamama wanaparua sehemu ya mviringo, wanaisawazisha, kisha wanaisiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe mpaka inakuwa laini kama sahani. Ikikauka inakuwa ngumu, unaumwaga ulezi juu yake, unaupiga kwa fimbo, na punje haipotei wala haichanganyiki na mchanga. Lakini mpaka ikauke, hakanyagi mtu. Hata kuku anafukuzwa kwa matusi. Gaudensia na mama yake Minza walikuwa wameusiriba uwanja siku moja kabla, kwa mavi kutoka zizi la kina Minza, na Jumatano wakaenda shambani kubeba ulezi. Mimi niliachiwa kazi moja tu, niulinde uwanja.

Nikaulinda. Nikauzunguka. Kadiri nilivyouzunguka ndivyo nilivyouona: mweupe kidogo kwa jua, mpana, laini, hauna hata jani. Huu si uwanja, nikasema, huu ni ubao wa kuandikia wa watu wakubwa kama mimi.

Nikapiga goti nikaunusa. Mimi kukauka kwa udongo nakujua kwa pua, tangu tumboni mwa mama yangu. Nikaugonga kwa kucha, ukalia ko ko. Umekauka, nikatangaza. Watoto walikuwa wamerudi kutoka shule, wakanitazama.

"Mama kakataza," Truda akasema.

"Mama yako kakataza uwanja mbichi. Huu ni mkavu. Mjomba kasema."

Nikaleta majivu jikoni, nikachora T, R, U, D, A, kila moja kubwa kama kitanda cha futi sita. Tukavua viatu. T tuliitembea kama tuko juu ya kamba, mikono imetanuliwa, mguu mbele ya mguu. U tuliteremka nayo kwa kuchuchumaa kama bata, tukazunguka chini, tukapanda upande wa pili. A tulipanda mlima, tukashuka mlima, halafu tukarudi kuruka daraja la katikati. D tuliizunguka tumbo lake kwa mguu mmoja. Na R ndiyo iliyotutesa, maana unapanda, unazunguka kichwa, halafu unautupa mguu nje, na Truda kila alipofika kwenye kuutupa mguu alijikuta ameutupa mwili mzima.

"Tena!" anasema.

Anaanguka.

"Tena!"

Minza anamsukuma, Truda anamvuta, mimi nawaonyesha mruko wangu wa ujana, ule wa namba saba. Niliruka kutoka T nikatua A bila kugusa katikati. Wasionisadiki, nyayo zangu zilibaki pale kama ushahidi.

Na hilo ndilo tatizo. Zilibaki.

Juu palikuwa pakavu, chini palikuwa bado pabichi, kama uji unapofanya utando. Sisi tulikuwa tumeupasua ule utando kwa furaha zetu. Nilipoinama kutazama, uwanja mzima ulikuwa na mitaro na mashimo, visigino vidogo vya watoto, na kati yake nyayo za mtu mmoja mzima, zilizozama.

Kabla sijapata uongo wa kufaa, Gaudensia akatokea na mzigo wa ulezi kichwani, mama yake Minza nyuma yake na wake.

Gaudensia alisimama. Mzigo hakuutua.

"Kaka."

"Naam."

"Nilikuacha ulinde uwanja."

"Nimeulinda. Hajakanyaga kuku hata mmoja."

"Kuku?" akasema. "Kuku angekuwa na huruma!"

Mama yake Minza akatua mzigo wake, akatazama zile nyayo zangu, akaketi palepale chini kwa kicheko. "Jamani, huyu si mtu," akasema. "Hili ni dume la ng'ombe limetoroka zizini. Nimwite baba Minza aje alifunge?"

Mimi nikaanza kueleza habari za bega na mwili na mwalimu. Gaudensia akaingia ndani akatoka na ndoo, akaitua mbele ya miguu yangu.

"Utausiriba wewe. Kwa mikono yako. Sasa hivi. Ukimaliza ndipo utakula."

Nikamwambia mgongo unaniuma. Akasema mgongo ulioruka vile hauumi.

Shajara yangu, kwetu kusiriba uwanja ni kazi ya wanawake. Mwanaume akionekana amepiga magoti na mavi ya ng'ombe hadi kwenye viwiko, habari hiyo itasimuliwa mpaka mavuno mengine. Na njia ya kwenda kisimani inapita hapo hapo. Mtu akipita anapunguza mwendo. "Mzee Oresto, hongera, umeolewa lini?" "Mahari walitoa nani?" Mmoja akanipa pole kwa kazi za ndani. Nikawajibu kwamba kule mpakani, upande wa pili, nyumba za wakubwa husiribwa na wanaume tu, tena waliochaguliwa kwa uzuri wa mikono. Hawakunisadiki. Nikaendelea kusiriba.

Kisha nikasikia kitu kinatua kando yangu. Truda. Alikuwa amepiga magoti, amechota tope kwa mikono miwili, anapaka. Hakuna aliyemwita. Minza naye akaja upande wake.

Mwanzo alikuwa anapapasa kwa vidole, yanabaki mabonge. Gaudensia, pamoja na hasira zake, hakuweza kuona kazi mbaya akanyamaza. Akamjia kwa nyuma, akamshika mkono.

"Si vidole. Nyoosha kiganja. Mkono utoke begani, uende kule, urudi huku. Kama mwezi."

Wanawake wetu ndivyo wanavyosiriba, wewe unayesoma kama umewahi kutazama. Mkono mzima unazunguka kutoka kushoto hadi kulia, nusu mwezi juu ya nusu mwezi. Truda akafanya mmoja. Akafanya wa pili. Yule mtoto ambaye mkono wake ukishika penseli unavunja ncha, mkono huo huo ulikuwa unakwenda na kurudi, mpana, bila haraka, na mwili wake wote unayumba nao. Hakuanguka. Alikuwa amekaa kwenye magoti yake kama mtu aliyeketi kwake.

Mwezi wa tatu akausimamisha katikati. Akautazama. Akarudi mwanzo wake, akavuta mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini.

Akanigeukia.

"Mjomba. Hii ni ile ya tumbo."

Ilikuwa D. Ya mavi ya ng'ombe, kubwa kama ungo, na nzuri kuliko zote nilizochora mimi.

 Mimi, Oresto, sikusema kitu. Niliuma mdomo.

Akaifuta kwa kiganja, akaiandika tena. Akaandika U, mkono ukiteremka na kupanda. Akaandika T. Akaandika A na lile daraja lake. Halafu R. Alipanda, akazunguka kichwa, akafika pale pa mguu, mkono ukaingia ndani badala ya kutoka. Akaifuta. Tena, ukaingia ndani. Akasimama, tope linamchuruzika, akaenda pembeni kwenye nyasi, akaipita kwa miguu peke yake, midomo inamcheza, akafika mwisho akautupa mguu nje. Pah! Akarudi mbio, akapiga magoti, na mkono ukafuata ulikokwenda mguu.

Nilipoinua macho, Gaudensia alikuwa ameshika ndoo tupu. Sijui aliishika hivyo tangu saa ngapi.

"Andika tena," akasema taratibu.

Truda akaandika tena.

Gaudensia akaiweka ndoo chini, akakunja kitenge, akapiga magoti upande wa pili wa mtoto wake, akaanza kusiriba naye. Hakuomba radhi, hakusema chochote kuhusu kichwa wala shule. Lakini bega lake lilikuwa linagusana na bega la Truda kila mwezi mmoja ulipokutana na mwingine. Baadaye tulizifuta herufi zote, maana ulezi unataka uwanja laini. Mimi ndiye niliyeona uchungu kuzifuta. Truda alikuwa anafuta na kucheka, kama mtu anayejua atazipata wapi nyingine.

Nilikula siku ile. Hata nyama niliwekewa.

Jana sasa, Ijumaa.

Mwalimu alikuwa amechora uwanja mzima wa shule kwa majivu, herufi zimetapakaa kama mbuzi malishoni. Mtoto anaitwa, anatajiwa herufi na namna ya kuifikia. Wazazi tulisimama pembeni tumejikunyata kwa upepo. Gaudensia aliacha ulezi akaja. Mwalimu alinipitia mapema kabisa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu."

"Leo mdomo ubaki nyumbani, tafadhali."

Nikaishika midomo yangu kwa vidole viwili. Hivyo ndivyo nilivyosimama muda wote, waliokuwepo watakwambia.

Minza alikwenda kama maji kwenye mtaro. Kila herufi, moja kwa moja. Akakaa mkeka wa mbele, akaacha nafasi pembeni yake, akaifunika kwa sweta lake.

Ikaja zamu ya Truda. Akasimama mstarini. Akatazama vidole vya miguu.

 Nilimwona Gaudensia amekunja pindo la kitenge chake mpaka limekuwa kamba.

"Truda," mwalimu akasema, "nenda kama chura mpaka kwenye T."

Akachuchumaa, akaruka, akaruka, akatua juu ya T. Akatajiwa U, akaenda kama bata akitikisa makalio, watoto wakashangilia. A, kwa kutambaa. D, kwa kurudi kinyumenyume, akaikosa kidogo akajisogeza. 

"Sasa R. Kwa mguu mmoja."

Akainua mguu. Akaruka mara ya kwanza, akayumba, akaruka tena, anaelekea kulia, na mimi nikaona anakokwenda. Alikuwa anaelekea P. P imesimama pale na kichwa chake cha mviringo, ndugu kabisa wa R. Nilikuwa nataka kupiga kelele. Ningepiga kelele ningesikika Namanyere. Nikaibana midomo mpaka vidole vikaingiwa na baridi.

Akafika kwenye P, akatua, akaanguka chali.

Watoto wakacheka. Wewe unajua kicheko kile.

Truda wa wiki iliyopita angekimbilia nyuma ya kihenge. Truda wa jana alikaa pale pale juu ya majivu, akaitazama ile herufi aliyoikalia. Akanyoosha mkono, bega zima, akauzungusha hewani juu yake. Alipanda, akazunguka kichwa, akafika pa kutupa mguu. Mkono ukasimama.

"Haina mguu," akasema kwa sauti kubwa, kama anayemshtaki mtu. "Mwalimu, hii haina mguu! Si yangu!"

Akainuka, akainua mguu wake mmoja, na huku anayumba kama ameshikwa na upepo wa Ufipa wote, akaruka, akaruka, akavuka uwanja mpaka R, na alipofika akautupa ule mguu mwingine nje. Pah.

Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akamshika Truda mkono, akampeleka mkeka wa mbele. Minza akaondoa sweta.

Mimi nilizunguka nyuma ya darasa kidogo. Vumbi liliniingia machoni. Upepo huu hauna adabu.

Sitaki kukudanganya, shajara, angalau leo. Mwalimu alituambia mimi na Gaudensia kwamba safari bado. Truda anazijua herufi za jina lake na nyingine chache, zilizobaki anazichanganya, na penseli bado itampa kazi. Tuendelee hivyo hivyo, kwa mchezo. Kisha akaniambia anahitaji mtu mzima wa kuruka na watoto siku za Jumatano. Aliniomba mimi! Pale kwa fundi baiskeli nitasema wizara imeniandikia.

Na leo asubuhi, kabla ya jua kupata nguvu, mlango wangu umegongwa. Nimefungua, nimemkuta Truda amevaa sare, soksi zimepandishwa mpaka magotini, begi mgongoni. Amekuja nimpeleke shule, mama yake amekataa. Nikamwambia leo Jumamosi. Akalia. Mtoto aliyekuwa anavutwa kutoka nyuma ya kihenge amelia mlangoni kwangu kwa sababu hakuna shule!

Nikamshika mkono tukaenda uwanjani. Sasa umekauka kweli, nimemwuliza Gaudensia kwanza. Kabla hawajamwaga ulezi, Truda akanitaka nichore jina la mama yake. Nikalichora lote kwa majivu, G mpaka A, likazunguka uwanja karibu nusu. Yeye akasimama katikati, mikono kiunoni, kidevu juu, akatoa amri. Mama yake aruke. Kwa mguu mmoja.

Gaudensia akasema ana kazi. Akasema watu watamwona. Mama yake Minza akamnyang'anya ungo mkononi. Basi mdogo wangu akakunja kitenge, akainua mguu, akaruka G, akaruka A, akafika katikati akayumba, akakanyaga S badala ya N.

"Mama, si hapo! Rudi mwanzo!"

Gaudensia alicheka mpaka akakaa chini juu ya jina lake. Halafu akainuka, akaenda mwanzo.

Kwa sasa wanapura ulezi, nasikia fimbo zao kutoka hapa. Kesho baada ya misa Truda amepanga zamu yangu, jina langu zima, kwa mguu mmoja, mbele ya kina Minza wote. Nimemwambia ni jambo dogo, kwamba mimi niliwahi kuruka hivyo kutoka hapa mpaka Laela na nikarudi bila kubadilisha mguu. Amenisadiki. Macho yake yalikuwa makubwa namna hii.

Goti la kulia limeanza kuuliza maswali tangu asubuhi. Je, nimwambie ukweli leo, au niache nianguke kesho, nikae juu ya herufi yangu, na nione kama nami nitainuka nikicheka?